Aliyetoka Nje Kabla ya Kura

Mwingi, 11 Machi 2024

Kwako Mutanu,

Nakuandikia kwa kuwa simu imetushinda. Kila tukipigiana tunaishia kukatiana, kisha unamwambia Mwaitu, na mama ananipigia akiwa na ile sauti yake ya kilio. Barua haikatiki. Nimempa Adan, dereva wa lori anayeteremka Kibwezi kupitia Mutomo, aiache dukani kwako. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Nimeona jina lako katika gazeti rasmi la serikali. Mutanu Ndeti, mjumbe wa bodi ya Shirika la Ndengu. Lilisomwa hapa kiwandani wakati wa chai, na mtu akauliza kama kuna anayemjua. Nikasema simjui. Hongera. Sasa nimeshasema, usije ukamwambia Mwaitu kwamba sikukupongeza.

Mimi nimekuwa katika shirika hili tangu kiwanda kikiwa hakina paa. Nilianza nikipima ukavu wa punje za ndengu kwa kuzing'ata, na leo mimi ni meneja wa uzalishaji. Wewe unauza ndengu huko Kibwezi na hukumaliza sekondari. Lakini utakaa mezani na chupa ya maji mbele yako, na mimi nitasimama nikijibu maswali yako. Nasikia walitaka mwanamke, atoke Makueni, asiwe na kelele. Hapo kwa kelele walidanganywa.

Nina wivu, Mutanu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, na haukuanza leo. Hii hadithi unaijua kwa mdomo wa Mwaitu, sasa isikie kwangu. Baba alipokufa alimwachia Mwaitu mtoto mmoja, mimi, msichana. Boma likakosa mvulana. Kwa hivyo Mwaitu akamwoa mama yako kwa desturi yetu, ng'ombe wakatoka, akawa iweto, mke aliyeolewa na mwanamke, ili aizalie nyumba yetu mwana. Akakuzaa wewe, msichana mwingine. Nilidhani Mwaitu angekasirika. Badala yake alikupa jina la mama yake mzazi, na tangu siku ile hakuiti Mutanu, anakuita mwaitu, mama yangu. Mimi ananiita Nzisa. Na sasa amezeeka, kati ya nyumba zetu mbili amechagua kukaa kwako.

Nafasi ya mkurugenzi mkuu iko wazi na nimeiomba. Utaisikia huko mezani. Kwenye kitambulisho wewe ni Ndeti, jina la mama yako, na mimi ni Nyamai, jina la baba. Hakuna mtu kwenye bodi anayejua zaidi ya hapo. Sikuombi kitu, nasema tu.

Nzisa Nyamai,
Meneja wa Uzalishaji


Kibwezi, 2 Aprili 2024

Dada Nzisa,

Barua yako ilifika ikinuka dizeli. Nimemsomea Mwaitu, maana macho yake sasa yanaona mwanga tu, na amefurahi mpaka akaniambia nisome tena.

Umenipongeza kama mtu anayetema mbegu ya chungwa, lakini nimepokea. Kazi hii sikuiomba. Watu wawili walikuja dukani wakauliza kama ninaenda kanisa, kama nimewahi kugombea kiti, na kama mume wangu bado yuko hai. Nikajibu ndiyo, hapana, hapana. Baadaye jina likatoka. Nadhani nilifaulu mtihani ambao sikujua naufanya.

Wacha nikupe habari ya kikao changu cha kwanza. Tulikutana Mtito Andei, kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea ambalo sikuona mtu akiogelea. Nikauliza kwa nini bodi ya kiwanda kilichoko Mwingi inakutana Mtito. Mwenyekiti wetu, Bwana Ndolo, akasema Mwingi kuna joto. Dada, Mtito. Mahali ambapo mbuzi wanagombania kivuli cha lori. Wenzangu wakatikisa vichwa kwamba ni kweli, Mwingi kuna joto, kwa sababu kadiri tunavyokutana mbali ndivyo posho ya safari inavyonenepa. Kisha tukapitisha kumbukumbu za mkutano ambao mimi sikuwepo, tukala samaki, tukaagana. Hakuna aliyetaja ndengu isipokuwa mpishi.

Dukani siku hizi nauza mahindi na mbaazi tu. Mwaitu anakusalimu, anasema ukija umletee kikoi kingine, kile cha kwanza kimechakaa. Nawe ukiniandikia usiniite kama mwalimu wa zamu anayesoma majina.

Mdogo wako,
Mutanu


Mwingi, 6 Julai 2024

Mutanu,

Umemsomea Mwaitu barua ile? Yote? Nimekaa na hilo swali miezi hii yote, nikaamua ulifanya makusudi ili anione nilivyo. Basi ameniona. Hata hajanipigia kunigombeza, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Naona pia umekuwa mkubwa, ndengu umewaachia maskini. Zamani ulikuwa ukituletea magunia masafi kuliko yote yanayotoka upande wa Makueni, nilikuwa nayatambua kabla sijasoma jina. Siku hizi una gari la kukuchukua na dereva wa kukufungulia mlango. Mwaitu unaye, kiti unacho, na bado unataka nikuandikie vizuri.

Sasa sikia. Kati ya walioomba kazi tumebaki wawili, mimi na mtu anayeitwa Kiilu kutoka ofisi ya bima huko Nairobi. Aliletwa kutembezwa kiwandani, akaniuliza ndengu huchimbwa mwezi gani. Ni mume wa binti ya Ndolo. Kila muuza chai wa Mwingi anajua hivyo na bodi inajifanya haijui. Mashine ya kuchambua imelala tangu mwaka jana kwa kuwa hamjapitisha vipuri, fukusi wanakula ghala, na wakulima wanalipwa ahadi. Akiingia Kiilu kiwanda kitafungwa, na wale akina mama wanaochambua kwa mikono watarudi nyumbani na mabeseni yao. Na mimi nitakuwa nimezeekea mlangoni pa ofisi ambayo najua kuiendesha kuliko mtu yeyote.

Watatu wenu wako nami, watatu wako na Ndolo, naye akiwa mmoja wao. Aliyebaki ni wewe. Nakuomba, na unajua kukuomba wewe kunanikereketa kooni. Wakati ukifika, inua mkono na unyamaze. Usiseme lolote juu yangu zaidi ya jina lililoko kwenye karatasi. Baada ya hapo unaweza kunisimanga mpaka tuzikwe.

Nzisa


Mwingi, 29 Julai 2024

Mutanu,

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkutano huko Mtito, na lile gauni la buluu nililoshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Nilikuwa nimeshaitwa ndani nikajibu maswali yenu, na naamini nilijibu vizuri. Kabla ya kura mlango ukafunguka, ukatoka wewe. Nikadhani unaenda msalani. Ukaja ukakaa kando yangu bila neno, ukafungua kitambaa, ukanipa chapati iliyokandwa na Mwaitu. Na mimi mjinga nikaila.

Karani wa bodi alinieleza baadaye. Anasema ulisimama ukasema, "Nzisa ni dada yangu. Tumelelewa na mama mmoja. Kura hii siwezi kuipiga, natoka nje." Ndolo akakushukuru kwa uaminifu wako. Baba mkwe wa Kiilu, Mutanu, akakushukuru kwa uaminifu, kisha akabaki ameketi pale pale. Kura zikatoka sare, yeye akaongeza ile kura ya ziada ya mwenyekiti, na Kiilu akaitwa ndani kupewa mkono.

Maisha yangu yote nimewaambia watu wewe si dada yangu. Shuleni nilisema hivyo, kazini nilisema hivyo, na hukuwahi kubisha. Ukaingoja siku moja tu, ile niliyohitaji usiwe dada yangu, ndipo ukabisha. Huo ni wivu. Wangu unatembea uchi kila mtu akauona, wako umeuvalisha nguo za kanisani.

Usinijibu.

N.


Kibwezi, 11 Agosti 2024

Dada,

Nakujibu.

Wivu ulikuwepo, sikatai. Ulipokuwa ukiongea mle ndani nilikuangalia. Unataja ukavu na asilimia kwa kile Kiingereza chako, na wanaume wanaandika unachosema. Nikakumbuka zizi letu. Mwaitu aliuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine ukasoma mpaka chuo kikuu. Nilipofika kidato cha pili zizini kulibaki mbuzi mmoja, tena mgonjwa, nikarudi nyumbani. Wewe kila siku unataja kwamba mimi naitwa mwaitu. Mimi nimekuwa nikihesabu ng'ombe, ila sikuwahi kukuambia.

Lakini sikutoka kwa ajili ya ng'ombe. Kila kikao kikianza tunaulizwa kama kuna mwenye maslahi katika jambo la siku hiyo. Watu hujibu "hakuna" huku wakivuta viti, kama wanavyoitikia amina wakiwa wanatafuta viatu. Ndolo akasema hana. Kisha akaniangalia akatabasamu. Anajua, Dada. Ametoka ng'ambo ya korongo letu, alikula kwenye matanga ya mama yangu. Ningenyamaza, angekuacha ushinde, halafu angekutoa kwa kosa la kuficha undugu, na siku hiyo hakuna mtu angekusikiliza ukimtaja Kiilu. Nilipaswa kutoka pale pale mwanzoni. Nilichelewa kwa sababu nilitaka kukusikia ukiongea.

Na hata Ndolo asingejua, mimi ningejua. Ningesema nini, kwamba si dada yangu? Hilo wewe umeliweza. Mimi mdomo ulikataa.

Kwa kuwa tumeanza kusemezana, chukua na haya mawili. Ndengu niliziacha kwa sababu mjumbe wa bodi hawezi kuliuzia shirika lake. Wenzangu wanauza kwa majina ya wake zao. Mimi nimefunga upande huo wa duka, nikingoja uniulize kwa nini.

La pili ni hizi barua. Namsomea Mwaitu zote, lakini sizisomi zilivyo. Pale unaponitukana nasoma salamu. Pale ulipoandika una wivu nilisoma kwamba umenikumbuka. Hii ya mwisho ilinitoa jasho, nilibuni mpaka mvua ya Mwingi. Nilipomaliza Mwaitu akasema, "Nzisa ameanza kukupenda." Sasa niambie nifanye nini na hilo.

Mdogo wako,
Mutanu


Mwingi, 3 Februari 2025

Mutanu,

Sikuandika kwa sababu sikujua niandike nini. Leo kuna habari.

Kiilu alinunua ndengu za zamani kutoka kwa rafiki ya Ndolo, zimejaa fukusi, na shehena nzima ikarudishwa kutoka Mombasa. Akina mama wa kuchambua walipelekwa nyumbani kabla ya Krismasi, kama nilivyosema. Basi wizara ikatuma wakaguzi, na mimi nikaitwa. Nikasema yote kuhusu Ndolo na mkwewe.

Yule afisa, msichana mpole wa miwani, akaniuliza kama nami nina undugu na mtu yeyote wa bodi. Nilikuwa na jibu langu la siku zote limekaa mdomoni. Lakini mbele yake kulikuwa na kumbukumbu za kikao kile, na maneno yako yameandikwa humo. Nikasema ndiyo, Mutanu ni mdogo wangu. Akashangaa mbona majina hayafanani. Nikamwambia mama yangu alimwoa mama yake. Akauliza kama namaanisha mama wa kambo. Hapo ikabidi nianze mwanzo, kifo cha baba, ng'ombe, mama yako akiingia kwa lile lango letu na sanduku la bati kichwani, wewe ukizaliwa. Sijawahi kumweleza mtu. Niliposimulia nikaona kwamba mama yako alikuwa msichana mdogo sana, na sikuwahi kumsalimia vizuri hata mara moja.

Afisa akasema katika bodi nzima ni mtu mmoja tu aliyetangaza undugu wake, huku Ndolo akisema hana, na ndiyo maana wanaweza kuifuta kura ile bila mtu wa kuwanyoshea kidole. Ndolo amesimamishwa na Kiilu ameondoka na gari la shirika, wanalitafuta. Kura itarudiwa mwezi ujao.

Usidhani nimekusamehe. Nimekasirika zaidi, kwa sababu ulikuwa sawa, na hata kuwa sawa umeniwahi. Mwaitu msomee utakavyo.

Nzisa


Kibwezi, 15 Februari 2025

Dada,

Nimepeleka barua ya kujiuzulu. Keti chini kwanza kabla hujaanza. Ukishinda, siwezi kukaa mezani nikimkagua dada yangu. Wakikunyima tena, sitaki kula nao samaki.

Kiti nilikipenda, nitakuwa nadanganya nikisema vingine. Kilikuwa kinazunguka. Mhudumu wa hoteli ile ndiye mtu wa kwanza kuniita Mheshimiwa, na siku ya kwanza niligeuka nyuma nione nani amesimama. Kwa hivyo ukitaka kunionea wivu tena itabidi utafute kitu kingine, hicho nimekirudisha.

Narudi kwa ndengu. Zimetoka safi, kijani ile unayoijua, na nimejaza ghala mpaka mlango haufungiki. Nitaomba zabuni ya kuliuzia shirika kama mtu mwingine yeyote. Nimeweka kila kitu changu humo. Ukiwa mkurugenzi mkuu na ukaliona jina langu, usinijue. Natania. Au labda sitanii, sijui.

Mwaitu anauliza kwa nini barua zako siku hizi ni fupi. Nimemwambia kazi ni nyingi.

Mdogo wako,
Mutanu


Mwingi, 30 Juni 2025

Mutanu, mdogo wangu,

Najua karani ameshakupigia, kwa hivyo umeshajua zabuni umeikosa. Sasa nikueleze jinsi ulivyoikosa, usisikie kwa watu.

Tangu niwe mkurugenzi mkuu bodi inakutana hapa kiwandani. Tunatoka jasho na mikutano imekuwa mifupi. Wajumbe wengi ni wapya, wa huku na wa mbali, na hakuna hata mmoja anayejua boma letu. Sampuli zote zilimwagwa mezani kwenye sahani. Zako niliziona kabla sijaambiwa ni za nani. Bei yako ilikuwa nzuri, hata wao walisema. Kilichobaki ni mimi kukaa kimya. Ndeti na Nyamai, nani angeuliza? Na nilitaka kukaa kimya, Mutanu. Nilitaka upate. Nikuambie na ubaya wake pia, nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza wewe ndiye unayenihitaji.

Nikasimama. Nikasema, "Mutanu Ndeti ni mdogo wangu. Mama yetu ni mmoja. Natoka nje."

Nilikaa kwenye benchi lililo karibu na mzani, sikuwa na chapati. Huko ndani nilisikia viti vikisogea na mtu akikohoa. Ndipo nikajua kwa nini siku ile Mtito hukuniambia neno. Ukifungua mdomo pale nje, miguu itakurudisha ndani.

Waliogopa kumpa dada ya mkurugenzi. Wamempa Kyule wa Makindu, na ndengu zake ni za kawaida. Kama ningenyamaza zingekuwa zako, na ghala lako lingekuwa tupu leo. Najua umeweka nini humo. Nimelia ofisini, mlango ukiwa wazi, na katibu wangu ameona.

Siwezi kukutafutia mnunuzi, hata hilo ningelazimika kulitangaza. Lakini Jumamosi nakuja Kibwezi, nitasimama nawe sokoni na kubeba magunia, hiyo haina zabuni. Nitaleta kikoi cha Mwaitu. Na wivu bado ninao, usidhani kazi imeuponya. Wewe ndiye unayemtengea chai asubuhi, na ni wewe anayekuita mama yake.

Hii barua msomee yote. Palipoandikwa wivu, soma wivu. Palipoandikwa mdogo wangu, soma polepole. Usimbadilishie neno.

Dada yako,
Nzisa